Daraja Letu Lenye Mlango na Mkwe Aliyeshika Usukani

Wasomaji, mkifika kwenye neno ambalo herufi zake zimekaa vibaya, lipiteni polepole kama mnavyopita penye tope. Na mwandiko ukipanda na kushuka msidhani nimelewa. Meza ninayoandikia ina miguu mitatu, na wa nne ni jiwe. Nilisoma mpaka darasa la saba, na mwalimu wetu alisema naandika kama mtu anayechonga mtumbwi: jasho jingi na vipande vinaruka. Ukurasa mmoja hunimalizia Jumapili nzima. Hata hivyo kuandika ni afadhali kwangu kuliko kusema, maana nikisimama mbele ya watu sauti yangu hurudi tumboni. Habari hii inahusu jambo hilohilo. Nilipewa kazi ya kuzuia meli isigonge daraja, na ikagonga.

Kijiji chetu kiko kando ya ziwa, si mbali na Murangi. Zamani kilikuwa kipande kimoja cha nchi. Mvua zile kubwa za wakati wa Uhuru zilipolijaza ziwa, maji yaliingia bondeni na hayakutoka tena. Yakaacha mkono mrefu mwembamba uliotugawa: shule na josho la ng'ombe upande mmoja, nyumba nyingi upande mwingine. Watu walipohamia kuishi pamoja kijijini, tukajenga daraja la miti kwa nguvu zetu wenyewe. Ghala la pamba nalo lilikuwa limejengwa mwisho kabisa wa mkono ule wa maji, ndani kuliko daraja. Meli iliyokuja kuchukua pamba kuipeleka Musoma ilikuwa lazima ipite darajani. Mtu aliuliza mkutanoni kwa nini ghala halikujengwa upande wa nje. Akajibiwa kwamba ghala limekwisha kujengwa.

Naiita meli kwa sababu sote tuliiita hivyo. Watu wa Musoma mjini watacheka. Ilikuwa boti ya chuma yenye injini, paa la bati na mlingoti mfupi. Lakini ilipoingia kwenye mkono wetu wa maji ilijaa kama ng'ombe dume aliyeingia jikoni.

Fundi mmoja kutoka pande za Butiama ndiye aliyetupa akili ya mlango. Katikati ya daraja aliweka mbao tano ndefu zisizopigwa misumari. Meli ikija, wanaume wawili wanazivuta mbao kando, mlingoti unapita. Meli ikiisha kupita, wanazirudisha, watoto wanaendelea kwenda shule. Kila upande wa mlango, kati ya ubavu wa meli na nguzo, ilibaki nafasi ya urefu wa mkono. Kwa hiyo alitakiwa mtu wa kusimama darajani na vitambaa viwili. Cheupe maana yake mlango uko wazi, pita. Chekundu maana yake simama. Meli haina breki. Mwenye usukani asipoona chekundu akiwa bado kwenye jiwe la minandi, lile jiwe jeupe kwa mavi ya ndege, hata akirudisha injini nyuma atafika tu darajani.

Mwenyekiti wa kijiji alinichagua mimi mbele ya watu wote.

"Huyu kijana hana maneno," alisema. "Tukimweka mtu wa maneno atapigaga soga, meli itapita na daraja letu mpaka ghalani. Huyu hana wa kupiga naye soga."

Nilikubali, kwa kuwa kukataa kulihitaji kusema.

Nilianza kazi kwa bidii, na bidii yangu ndiyo iliyokuwa hatari ya kwanza. Fundi alikuwa amesema nguzo za mlango zivishwe kitu laini, ili meli ikiyumba isizichubue. Nikafikiri: kitu gani laini kuliko pamba? Kulikuwa na magunia ya pamba fifi, ile chafu isiyopata soko. Nikayafunga manne kwenye nguzo, mawili kila upande, nikarudi nyuma kuyatazama kama mtu aliyeezeka nyumba. Asubuhi ya pili yalikuwa yamekunywa ziwa. Kila gunia lilikuwa na uzito wa ndama, na nguzo moja ilikuwa imeinama kama inatoa salamu. Bibi mmoja aliyekuwa akianika furu, wale samaki wadogo wa ziwani, pale kichwani mwa daraja alicheka hadi akakaa chini.

"Mjukuu wangu," alisema, "sisi tumelima pamba tangu wakati wa Mjerumani, na wewe ndiye wa kwanza kuinywesha maji ikiwa kwenye gunia!"

Tukayakata magunia, tukafunga matita ya mafunjo badala yake. Hayo yalikaa vizuri.

Wakati huohuo nyumbani walikuwa wameanza kuniposea. Msichana alikuwa wa ng'ambo ya mkono wa maji. Tulikutana msimu wa kuchuma pamba. Yeye alisema mambo mengi, mimi nikasema "ndiyo" mara kadhaa, na akaona tunaelewana. Shangazi yangu anayeishi Nyasura, kule Bunda, ndiye aliyekwenda kusema na wazee wake, kwa sababu ana ulimi wa watu watatu. Posa ikapokelewa, na ng'ombe wakatolewa. Baba wa msichana sikuwa nimemwona ila kwa mbali. Alifanya kazi kwenye vyombo vya majini Musoma, na siku nyingi alilala hukohuko mjini, mtaa wa Kitaji, kwa ndugu yake.

Hapa lazima nieleze desturi, kwa ajili ya msomaji wa mbali. Kwetu kijana aliyeposa hamtazami baba mkwe usoni. Mkikutana njiani wewe unaingia majanini, na yeye anageuza uso kando ili usizidi kuona haya. Hamsemeshani moja kwa moja. Inakuwa hivyo mpaka azaliwe mtoto wa kwanza, atolewe mbuzi wa kuondoa haya, ndipo mnaweza kusalimiana kama watu. Vijana wengi huona taabu. Mimi sikuona. Kujificha ndilo jambo pekee ambalo sikuhitaji kufundishwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya josho. Ng'ombe wa kijiji walikuwa wanarudi kutoka kuogeshwa, wanavuka daraja mmoja mmoja. Meli tuliitegemea kesho yake. Nikasikia injini. Nikageuka, nikaiona inakaribia jiwe la minandi, siku moja kabla ya ahadi. Wanaume wawili wa mlango walikimbilia mbao zao, lakini juu ya mbao alikuwa amesimama ng'ombe mmoja mwekundu, amegoma. Walimsukuma, wakamvuta mkia, akatazama maji.

Mimi nilikuwa tayari. Nataka mjue hivyo. Nilikuwa nimekwisha kukiinua kitambaa chekundu juu ya kichwa, mikono yote miwili, kama nilivyofundishwa. Kisha nikamtazama aliyeshika usukani, nione kama ameniona. Hakuwa yule nahodha wa siku zote. Alikuwa mzee mpana mwenye kofia ya kahawia, na niliijua kofia ile. Shangazi alikuwa amenionyesha kwa mbali, akaniambia: ukiiona hiyo, mwanangu, toka njiani.

Nikatoka njiani. Sikufikiri. Miguu ndiyo iliyofikiri. Nilishuka darajani, nikaingia kwenye mafunjo na kitambaa chekundu mkononi, nikachutama, maji kiunoni, nikatulia kabisa. Kwa muda mfupi nilijisikia vizuri, kama mtu aliyetimiza wajibu.

"We kijana!" bibi wa furu alipiga kelele. "Toka majanini! Meli inakula daraja!"

Nilisikia mti unavunjika. Nguzo ya kushoto ilikatika. Ya kulia iliokolewa na matita ya mafunjo. Mbao za mlango zilikwenda majini pamoja na ng'ombe mwekundu. Hakuna mtu aliyeumia. Ng'ombe aliogelea hadi ukingoni, akapita karibu nami, akaanza kula majani kana kwamba habari ile haimhusu.

Kwa siku tisa daraja halikupitika. Watoto walikaa nyumbani, au walivushwa kwa mtumbwi watano watano wakilia. Mkutano uliitwa kesho yake mbele ya ghala. Mimi nilikaa nyuma ya akina mama. Baba mkwe hakuweza kukaa mahali nilipo, kwa hiyo alikaa upande wa pili wa ukuta wa ghala, na mdogo wake alikuwa akizunguka ukuta kuleta maneno yake.

"Tumwulize nahodha," mwenyekiti alisema. "Hukuona kitambaa?"

Mdogo mtu akazunguka ukuta, akarudi. "Kaka anasema, aliona kijana amesimama. Akamtambua ni yule anayemposa binti yake. Akageuza uso, kama inavyopasa. Alipourudisha, daraja lilikuwa limefika."

Mwenyekiti alivua miwani.

"Ngoja nielewe, ndugu. Kijana aliingia majanini kwa heshima."

"Ndiyo."

"Na nahodha akatazama kando kwa heshima."

"Ndiyo."

"Sasa nani alikuwa anaangalia daraja?"

"Ng'ombe," bibi wa furu alisema.

Walicheka hata wale ambao watoto wao walikuwa hawajavuka. Mimi nilitazama kidole gumba cha mguu wangu. Nakijua vizuri kidole hicho. Nimekitazama katika mikutano mingi.

Kicheko kilipokwisha, mdogo wa mkwe akazunguka ukuta mara moja tena, na safari hii alirudi taratibu. "Kaka anasema hivi. Binti yake atampa mtu mwenye adabu, na adabu ameiona. Lakini anataka pia mtu anayeweza kulinda kitu. Hilo hajaliona. Daraja hili likiguswa tena na meli, ng'ombe waliotolewa watarudi walikotoka, na posa imekwisha."

Sikulala vizuri majuma kadhaa kwa sababu ya maneno hayo. Msichana mwenyewe alinikuta kisimani baada ya siku tatu, akatua ndoo yake.

"Hebu niambie. Unataka kunioa au unataka kujificha?"

"Ndiyo," nilisema.

"Yote mawili?"

Akajitwika ndoo bila kunisubiri nimsaidie, akaondoka, maji yakimwagika mgongoni kwa hasira.

Mtasema, si wangeweka mtu mwingine darajani? Mwenyekiti alijaribu. Aliwaita vijana mmoja mmoja. Lakini baba mkwe ana mabinti sita, na kila kijana aliyeitwa alikuwa ameoa mmoja, au ameposa mmoja, au anafikiria. Wazee walikataa, macho hayafiki kwenye jiwe la minandi. Na nahodha huyo mpya tuliletewa kutoka Musoma, hatukuwa na uwezo wa kumbadilisha. Basi kazi ikabaki kwangu, na mwenyekiti akasema tutatafuta namna.

Namna ilipatikana. Tulisimamisha mlingoti mrefu kichwani mwa daraja, juu yake kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, na kamba mbili: moja ya kitambaa cheupe, moja ya chekundu. Chini ya mlingoti tukajenga kibanda cha mafunjo kisicho na dirisha upande wa ziwa. Mimi ningekaa ndani na kuvuta kamba. Bibi wa furu, ambaye hakuwa mkwe wa mtu yeyote tena hapa duniani, angekaa nje na samaki wake na kuniambia anachoona. Ilifanya kazi. Mkwe hakuniona, mimi sikumwona, na kitambaa kilipanda.

"Imefika kwenye jiwe!" bibi alikuwa akisema. "Mbao bado! Chekundu, mkwe, chekundu!" Alikuwa ameanza kuniita mkwe, na kijiji kizima kikamfuata, mpaka watoto wa darasa la kwanza.

Siku moja alikuja bwana mmoja mgeni kutoka mjini kukagua madaraja. Alizunguka kibanda mara mbili.

"Mlinzi wenu yuko wapi?"

"Yumo humu, ndugu," mwenyekiti alijibu.

"Mbona hakuna dirisha? Anaonaje meli?"

"Haoni, ndugu. Anaambiwa."

Yule bwana alifungua daftari lake, akaandika kwa muda mrefu sana. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Hivyo tukaenda mpaka vuli. Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, nzito, na kamba zetu za katani zikalowa na kuvimba. Mimi mtu niliyekwisha kuona pamba inavyokunywa maji nilipaswa kulifikiria hilo. Sikulifikiria. Kengele ya shule ilikuwa imelia na watoto walikuwa wanakimbia kuvuka, mifuko kichwani, wakiteleza na kucheka. Kwa sababu ya sauti ya mvua juu ya mafunjo sikusikia injini. Nilimsikia bibi.

"Imepita jiwe! Imepita jiwe, na watoto wako juu ya mbao! Chekundu!"

Nilivuta. Kitambaa kilipanda kimo cha mtu, kikakwama. Kamba ilikuwa imenenepa ndani ya kapi. Nikavuta kwa uzito wangu wote, nikaning'inia, miguu ikaacha ardhi. Kapi halikusogea.

"Hakijapanda!" bibi alilia. "We mkwe, hakijapanda!"

Nimejaribu mara nyingi kuandika kwamba hapo niliamua. Nimekata sentensi hiyo mara tatu kwa sababu si kweli. Miguu ileile iliyonipeleka kwenye mafunjo ndiyo iliyonitoa kibandani. Nilikichana kitambaa kutoka kwenye kamba, nikakimbia hadi katikati ya daraja, nikasimama juu ya mbao za mlango kati ya watoto. Meli ilikuwa mbele yangu, na kofia ya kahawia ndani yake, na chini ya kofia uso. Niliutazama. Ulikuwa uso wa kawaida, wenye mvua.

"SIMAMA!" nilisema.

Sijui sauti ile ilikuwa wapi miaka yote. Watoto waliganda. Na papo hapo nikakumbuka ninayemwamrisha ni nani, nikaongeza kwa sauti ileile, maana sikujua namna ya kuipunguza:

"SHIKAMOO, BABA!"

Injini ililia, maji yakachemka nyuma ya meli. Wanaume wa mlango waliwabeba watoto wadogo kama magunia. Meli ilikuja, ikapungua, ikaja tena kidogo. Pua yake ilifika kwenye tita la mafunjo la nguzo ya kulia, ikalikandamiza taratibu, tita likatoa sauti kama mtu anayekaa kwenye godoro la majani. Halafu meli ikarudi nyuma.

Mimi nilibaki nimesimama, mikono juu, nikitetemeka. Sikumwona mkwe tena. Nilipopata akili ya kuona haya, nilikuwa nimekwisha kufumba macho.

Ubishi ulianza kabla mvua haijakatika. Mdogo wa mkwe, aliyekuwa ng'ambo, alisema sharti lilikuwa daraja lisiguswe, na limeguswa. Bibi wa furu alimjia na kisu cha kuparia samaki mkononi.

"Limeguswa wapi? Nionyeshe! Tita limeguswa. Tita si daraja. Tita lilifungwa pale ili liguswe!"

"Na kumpigia kelele mkwe?"

"Alimwamkia."

"Baada ya kelele!"

"Ulitaka aanze na salamu, amwulize na habari za nyumbani, wakati watoto wanasagwa?"

Neno la baba mkwe lilichukua siku nne kufika. Siku hizo nilizimalizia kibandani hata pale ambapo hapakuwa na meli. Mama alikuwa akinitumia chakula bila kuniuliza kitu. Siku ya nne akaja shangazi kutoka Bunda, mbio mbio, kanga imelowa jasho, akaingia kibandani akakaa juu ya kamba zangu.

"Nimetoka Kitaji," alisema. "Nimekaa naye, yeye akitazama ukuta kama kawaida yake. Nikamwambia, mkwe mwenzangu, kijana wetu amekukosea, amekutazama."

"Akasema nini?"

"Akasema: nani amenitazama? Siku ile sikuona mtu darajani. Mvua ilikuwa kubwa. Niliona kitambaa chekundu tu, kimesimama chenyewe, kinatetemeka. Nikasimamisha chombo." Shangazi alinipiga begani. "Na akasema wapange siku ya harusi kabla ya masika, maana baada ya hapo atakuwa na safari nyingi."

Nikamwuliza shangazi kama mkwe alisikia sauti.

"Sauti hakuitaja. Ila alisema masikio yake yamekuwa yakilia tangu siku hiyo."

Tulioana. Mke wangu bado ananiuliza mambo mawili kwa pamoja ili nijibu "ndiyo" moja. Mtoto hajazaliwa, yuko njiani, kwa hiyo mbuzi wa kuondoa haya hajatolewa, na mimi bado nakaa kibandani meli inapoingia. Kamba tumezipaka mafuta ya samaki kamongo, na kila mvua ikianza natoka nje kuzijaribu. Pia tumekata dirisha, dogo, linalotazama jiwe la minandi lakini si usukani. Lilichukua siku nzima kulipima.

Sasa naomba jambo kwenu mliosoma mpaka hapa. Najua kuna vijiji vingine kando ya ziwa, na mito mingine, ambako chombo hupita kwenye daraja na mtu husimama kukizuia. Niandikieni. Semeni mnafunga nini kwenye nguzo, kamba zenu mnazitunzaje wakati wa mvua, na mwenye chombo akiwa mtu ambaye hamruhusiwi kumtazama, mnafanyaje. Anwani yangu mhariri anayo. Na kama kuna mtu anayejua sauti ikishatoka mara moja huitwa vipi ili ije tena, huyo aandike wa kwanza, kwa sababu masika yako karibu na watoto wa mwaka huu ni wengi.